Karatasi za Kufungia Njugu

Barua ya uhamisho iliponifikia, sikufikiria rafiki ambaye ningemwacha Homa Bay, kwa sababu rafiki sikuwa naye. Nilifikiria madaftari yangu. Shule niliyopelekwa ilikuwa upande wa Migori, na nyumba yake ya walimu ilikuwa na chumba kimoja tu chenye nafasi. Ndani ya chumba hicho tayari alikuwamo mwalimu wa hesabu na kitanda chake. Aliniandikia kwa adabu kwamba chini ya dirisha kunaweza kukaa kitanda cha pili na sanduku moja. Neno "moja" alilipigia mstari.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa na miaka mitatu tangu nitoke chuo kikuu. Wenzangu wa umri ule walikuwa wameanza kununua redio na baiskeli. Mimi nilikuwa na ukuta mzima wa karatasi: kaunta buku za jalada gumu, madaftari ya mraba, fulskapu, bahasha za kahawia za kila kimo, kalamu zilizojaa mikebe mitatu ya maziwa, na dayari tisa. Hizo dayari ndizo zilizonitia kiburi. Wakati ule dayari haikununuliwa, ilitolewa. Ofisi iliwapa watu wake mwishoni mwa mwaka, na mtu aliyetembea sokoni na dayari kwapani alisalimiwa kwanza hata kama ndani hamkuwa na neno. Zangu nazo hazikuwa na mengi. Kila moja ilianza Januari kwa mipango mikubwa na mwandiko mzuri, na kufikia katikati ya Februari kurasa zikawa nyeupe hadi mwisho wa mwaka. Nikizipitia niliona miaka yangu yote ikiwa na wiki sita.

Nyingi ya dayari hizo nilipewa na dada yangu mkubwa. Alikuwa karani wa kadi katika zahanati ndogo karibu na Rodi Kopany, alikoolewa. Kila Desemba wauzaji wa dawa walipita pale na kuacha dayari kwa daktari na kwa yeyote aliyewapa kiti. Dada alihakikisha viti viko. Moja alijiwekea, nyingine akaniletea mimi ikiwa imefungwa kwa gazeti.

"Haya, karani wa Mungu," alikuwa akinitania. "Mwaka huu jaribu ufike hata Machi."

Alikufa mwaka mmoja kabla ya uhamisho wangu. Alikonda taratibu, akaacha kazi, mama akaenda kukaa naye miezi ya mwisho, na Novemba tukamzika nyumbani kwa mumewe. Neno ukimwi wakati ule lilikuwa kwenye mabango ya barabarani, lakini sikuwahi kulisikia likitamkwa ndani ya nyumba ya mtu. Wakwe zake walikuwa na neno lingine. Walisema ni chira. Kwetu Wajaluo, mke wa mwana hatangulii kutia mbegu ardhini kabla ya mama mkwe wake. Akitangulia anajiletea chira, laana isiyo na kelele, inayomla mtu nyama polepole mpaka aishe. Walisema dada alipanda mahindi mwezi wa Machi, mama mkwe akiwa matangani, na Machi hadi Novemba kila mtu aweza kuhesabu mwenyewe.

Siku ya kugawa vitu vyake, nguo zilipata watu, sufuria zikapata watu. Zikabaki dayari mbili alizoziandika, nyeusi ya mwaka uliotangulia na bluu ya mwaka aliokufa. Shemeji yangu, dereva wa lori la miwa kule Awendo, alizishika kama mtu anayeshika viatu vya mgeni.

"Hizi apewe mwalimu," akasema. "Yeye ndiye anayekula karatasi."

Tukiwa njiani kurudi, mama aliniuliza, "Humo ndani atakuwa ameandika kama alitangulia kupanda?"

"Mama, mahindi hayaui mtu."

"Sikukuuliza kinachoua mtu. Nimeuliza kama alipanda."

"Wewe si Msabato? Kanisani mnaikataa chira."

"Kanisani naikataa," alisema. "Shambani sina hakika."

Sikuzifungua. Nilijiambia huo ni msimamo: ukitafuta jibu la swali la kijinga, tayari umeliheshimu. Mama aliniuliza tena mwisho wa mwaka, akaniuliza tena mvua zilipoanza, na kila mara nikamjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi aliyelala darasani. Dayari zikakaa juu ya kabati. Mimi niliyefungua kila kitu, niliyewahi kubishana na mchungaji kuhusu ukubwa wa safina, sikuwahi kuuliza kwa nini hizo mbili sizifungui.

Kazi ya kupunguza ilinichukua siku tatu za likizo. Kalamu nilizijaribu moja moja nyuma ya bahasha. Nyingi zilikuwa zimekauka bila kuandika barua hata moja. Madaftari yalikuwa magumu zaidi. Nilitaka kuokoa kurasa tupu niwaachie wanafunzi, lakini daftari la shule limebanwa katikati kwa pini mbili, na ukichana ukurasa wa mbele ulioandikwa, mwenzake wa nyuma ambao haujaguswa nao hulegea na kuanguka. Nilikaa sakafuni na kurasa zilizolegea zikinizunguka, nikajikuta nazisoma. "Je, anayeomba akifumba macho anamficha nani?" Hilo nililiandika nikiwa mwaka wa pili, katika kaunta buku nene niliyoiita ya maswali. Ilikuwa imejaa mwanzo hadi mwisho, ndiyo pekee niliyowahi kuijaza. Niliiweka upande wa vitu vya kubaki. Bahasha zikaenda kwa karani wa shule. Dayari zangu tisa zikaenda zote kwenye rundo la kuuza, na nilishangaa kwamba haikuuma.

Siku ya pili mkono wangu ulifika juu ya kabati. Niliivuta ile nyeusi, nikaipitia haraka nikiwa nimesimama, kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyotaka kukaribishwa. "Kadi 43. Dawa ya malaria imeisha." "Kadi 51. Daktari hakuja." Ijumaa kwa Ijumaa, kwenye pembe ya juu, kulikuwa na namba peke yake: 63, 62, tena 62. Nikadhani ni namba za faili. Nikaona ni mambo ya ofisi, hakuna dada yangu humo, nikaitupa kwenye rundo. Nilikuwa nanyoosha mkono kuichukua ya bluu mlango ukagongwa.

Alikuwa mama wa njugu kutoka sokoni, amekuja na gunia. Walimu wote wa mji ule walimuuzia karatasi. Alizikata, akazisokota kama pembe, akatia njugu karanga ndani, akakunja juu. Alipima rundo langu kwa kuliinua tu.

"Mwalimu, hizi zote umeandika wewe?"

"Karibu zote."

"Na hakuna aliyekujibu?"

Nilicheka, na alipoondoka nikagundua kwamba nilikuwa sijazungumza na mtu tangu juzi yake. Chumba kilikuwa kimebaki na mwangwi. Nilikohoa makusudi ili niusikie.

Dayari ya bluu ilibaki juu ya kabati pale nilipoiacha. Jumapili alasiri, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kusoma, niliifungua.

Januari aliandika: "Mizani ya zahanati imepelekwa kutengenezwa." Pembe za Ijumaa zilikuwa tupu, na Februari nazo tupu. Halafu Machi, siku ya Jumanne: "Mvua imefika. Mama mkwe yuko matangani, hatujui atarudi lini. Nimemuuliza mama, amesema nipande tu, mvua haingoji mtu. Nimepanda shamba la chini."

Niliusoma mstari ule mara nyingi. Mama mkwe alimwita mama mkwe. Mama alikuwa mama yetu.

Basi hilo ndilo alilokuwa akiniuliza mwaka mzima, na mimi nikimjibu kwa kejeli. Mama alijua kwamba alimwambia apande. Asichojua ni kama dada alimsikiliza. Alikuwa akitaka kujua kama alimuua mwanawe kwa neno la mdomo wake.

Nikaendelea kusoma. Wiki ya pili baada ya kupanda: "Mizani imerudi. Nimejipima, kilo 51." Ijumaa iliyofuata pembeni, 50. Kisha 48. Kisha 47. Kurasa zilikuwa na maneno machache zaidi kila mwezi, lakini namba haikukosekana. Agosti, 41, na baada ya hapo weupe.

Nilikaa na kitabu kile magotini. Mtu yeyote angepewa hicho peke yake angesema wakwe wana haki. Alipanda, kisha akaanza kuisha. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, kwa tarehe. Ndipo nikakumbuka zile namba za faili. Sitini na tatu. Sitini na mbili. Hazikuwa za faili. Mwaka mzima kabla ya ile Machi, dada yangu alisubiri wagonjwa waondoke kila Ijumaa, akapanda juu ya mizani, akaandika. Kitabu pekee kilichoweza kuonyesha kwamba ugonjwa ulitangulia mbegu nilikuwa nimekiuza kikafungiwe njugu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni kabla mama wa njugu hajamaliza kupanga meza yake.

"Dayari nyeusi," nikamwambia. "Ya jalada gumu. Imebaki?"

"Mwalimu, umeuza halafu unarudi kusoma?"

"Imebaki?"

"Hiyo ni karatasi nzuri sana, ngumu, haipitishi mafuta. Za wanafunzi wako zinanitia aibu. Nilianza na hiyo." Akaitoa chini ya meza. Alikuwa ameshikilia jalada la mbele na kuchana akitokea nyuma. Desemba haikuwapo, wala Novemba, wala Septemba. Nikafungua mbele. Januari hadi Mei zilikuwapo.

"Nirudishie hii."

"Na njugu nizifungie nini mimi? Mikono?"

Nilikuwa nimekuja na ile kaunta buku ya maswali, kwa kuwa nilijua atasema hivyo. Aliipindua, akazipapasa kurasa kwa kidole gumba kama anayepapasa kitambaa.

"Hii ina nini?"

"Maswali."

"Na majibu?"

"Hayamo."

"Basi haitachafua njugu," akasema, akaichukua.

Mteja wake wa kwanza, mzee mmoja wa baiskeli, alikuwa amesimama kando akisikiliza huku akitafuna. Alitazama karatasi mkononi mwake, akamwagia njugu zilizobaki kwenye kiganja, akanipa. Ilikuwa ya Juni, yenye chumvi na alama za mafuta. Kwenye pembe, 58.

"Chukua, japuonj," alisema, akiniita mwalimu kwa Kijaluo. "Mimi nilikuwa nakula tu, sikusoma."

Nilifika kwa mama Ijumaa alasiri. Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Migori, upande wa kuelekea Osiri wanakochimba dhahabu. Mama alikuwa jikoni akiharakisha mapishi yote, kwa sababu jua likizama Sabato inaingia na moto hauchochewi tena. Alikuwa na chungu cha maharagwe motoni, na samaki wa kesho tayari amekaushwa. Nilikaa kwenye kigoda bila kuvua mkoba.

"Alipanda," nikasema.

Mwiko ulisimama ndani ya chungu.

"Kwanza?"

"Kwanza. Ameandika kwamba alikuuliza."

Mama alipunguza kuni, ingawa moto haukuwa mkubwa. Nikatoa dayari nyeusi, nikaanza kueleza kama niko mbele ya darasa: mizani, Ijumaa, Januari ya mwaka wa nyuma, kilo sitini na tatu, Juni hamsini na nane. Nilimwonyesha kwamba Juni hiyo ilikuwa miezi tisa kabla ya kupanda. Nilisema maneno "ushahidi" na "mfululizo". Mama alinitazama mpaka nikanyamaza.

"Kilo zake unanieleza mimi?" alisema. "Mimi ndiye nilimwogesha. Mwishoni nilikuwa nambeba kwa mkono mmoja."

"Kwa hiyo unajua ulikuwa ugonjwa gani."

"Najua."

"Ulijua, na bado ukawa unaniuliza habari ya mahindi?"

"Ugonjwa naujua, wuoda, mwanangu. Nilichokuwa sijui ni nani aliufungulia mlango." Akafuta mikono kwenye leso. "Soma tena. Anza pale mwanzo. Soma namba tu."

Nikasoma namba tu. Sitini na tatu. Sitini na mbili. Sitini na mbili. Sitini na moja. Mama hasomi sana zaidi ya Biblia ya Kijaluo, lakini aliinama akafuata kidole changu kwenye kila pembe, na nilipofika ile karatasi yenye chumvi aliishika mwenyewe. Aliuliza, "Hapo bado hajapanda?" Nikamwambia bado. Baada ya namba nyingine aliuliza tena, na tena nikamwambia bado. Sijui aliuliza mara ngapi. Nilijibu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza, na hilo nalisema kwa sababu ni jambo pekee katika mwaka ule ambalo nina hakika nililifanya vizuri.

Mwishowe aliketi wima. "Basi si mimi," alisema. Hakulia. Alichungulia nje kutazama jua.

"Kesho kutwa nakwenda Rodi," nikasema. "Nitawawekea hizi mezani. Wataacha kumsema."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba alikuwa mgonjwa kabla."

"Mgonjwa wa nini?"

Niliifunga dayari, nikaifungua tena.

"Dada yako ameacha watoto wawili pale," mama alisema. "Wanakula sahani moja na watoto wa shemeji zake, wanalala mkeka mmoja. Ukiwaambia ni chira, chira ni ya marehemu, imezikwa naye. Ukiwaambia lile jina lingine, kesho yake watoto watakuwa na kikombe chao. Wewe utakuwa umerudi shuleni kwako. Zichome."

"Mama, wanasema uongo juu yake."

"Wanasema. Zichome kabla jua halijazama."

Nilibishana. Nilikuwa na hoja, na hadi leo nadhani zilikuwa nzuri: kwamba uongo huo huo utamkamata mwanamke mwingine, kwamba mumewe bado anaendesha lori akizidi kukonda na hakuna anayemwambia aende kupimwa. Kuhusu mumewe mama alisema, "Huyo nitamwambia mimi, peke yake," na baadaye nilijua kwamba alimwambia kweli. Kuhusu mengine alisogeza chungu kando, moto ukaonekana, akangoja.

Nilichana kurasa kutoka kwenye jalada, nikampa. Alizitia mwenyewe, chache chache ili zisijaze moshi. Ile ya chumvi ilitatarika. Alipomaliza alinyoosha mkono kuitaka ya bluu pia. Nilimwomba hiyo nibaki nayo, kwa ajili ya mwandiko tu. Alifikiri kidogo, akakataa kwa kichwa, nami nikampa. Jalada lilichukua muda kushika moto. Maharagwe yalipoiva akaepua, akafunika majivu, akaenda kuoga kwa ajili ya Sabato. Nilibaki jikoni na mkoba wangu, ambao sasa ulikuwa na nguo tu.

Chumba cha mwalimu wa hesabu kilinitosha. Aliona sanduku langu, akauliza kama mengine yanakuja nyuma.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, nilimsindikiza mama kwenda kuwaona wale watoto. Tulipokewa vizuri. Mama mkwe wa dada yangu alituandalia samaki na ugali, akakaa karibu na mama, wakazungumza juu ya mvua. Nje, watoto saba au wanane walikuwa wamezunguka sinia moja wakigombania mkia wa samaki. Sikuweza kutofautisha mara moja wepi walikuwa wa dada.

"Mtoto wenu alikuwa mchapakazi," mama mkwe alisema. "Haraka ndiyo iliyomponza."

Mama alitazama sahani yake. "Ndiyo," alisema. "Alikuwa na haraka."

Nilikuwa na kilo zote kichwani kwa mpangilio wake. Mama alinisogezea ugali bila kunitazama, nikamega.